Ukurasa wa Nne

Kila askari aliyeingia ofisini mwa Inspekta Wawira asubuhi ile ya Jumamosi alisimama mbele ya karatasi ya manila iliyobandikwa ukutani, akaisoma toka juu hadi chini, kisha akausifu mwandiko. Na kwa haki ya Mungu mwandiko ulistahili sifa. Mistari ilipigwa kwa rula, umri wa watoto kwa wino mwekundu, vipimo kwa wino wa buluu. KIPIMO CHA TAPIREX KWA WATOTO, kilisema kichwa. Miezi sita hadi kumi na miwili, nusu kijiko, mara tatu kwa siku. Na chini kabisa, upande wa kulia: Imetayarishwa na Sista Nelius Kiende.

"Huyu amejifunga mwenyewe," alisema koplo wa zamu. "Ameandika na jina."

"Umemaliza kusoma?"

"Ndio, afande."

"Basi toka."

Wawira alikuwa na miaka minne katika idara ya upelelezi ya Meru, na wenzake walikuwa bado wakimtania kwamba watu wa Embu hutoka kwao wakiwa wamekasirika tayari. Asubuhi hiyo hakuwa na hamu ya utani. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu mtoto wa miezi tisa, Mwenda, mwana wa mama mkulima wa viazi aitwaye Kanana, alazwe kando ya shamba huko Kibirichia akiwa amefunikwa shuka, asiamke tena. Alikuwa akitapika tangu juzi yake. Mama yake alimpeleka zahanati ya kanisa, akapewa Tapirex, akarudi naye nyumbani akishukuru kwamba kutapika kumekoma.

Wiki mbili kati ya hizo tatu Wawira alizitumia kukimbiza upepo. Aliamini dawa ilikuwa bandia. Alipekua maduka ya dawa mjini moja baada ya jingine, akawatoa jasho watu ambao kosa lao lilikuwa kuuza bila leseni ya mwaka huu, na akafunga maduka mawili. Kisha Ijumaa ripoti ya mkemia wa serikali ikafika. Dawa ilikuwa halisi. Mtungi wa lita tano uliopatikana zahanati ulikuwa halisi. Kiasi kilichokutwa katika mwili wa mtoto kililingana na nusu kijiko, mara tatu kwa siku, kama ilivyosema chati ile ya manila iliyotolewa ukutani mwa zahanati. Ila Tapirex ilikuwa imeruhusiwa nchini kwa watoto wa miaka sita kwenda juu, kwa kuwa kwa wadogo huweza kuzima pumzi.

Kabla ya jioni Sista Kiende, muuguzi wa zahanati ile, alikuwa seli. Jumatatu saa tatu asubuhi angesomewa shtaka la kusababisha kifo kwa uzembe. Wawira alikuwa na siku mbili za kujua kama ni yeye kweli.

Alimkuta ameketi kwenye benchi la chumba cha mahojiano, koti la uuguzi limekunjwa vizuri mapajani. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minne, na ishirini na tisa kati ya hiyo aliitumia katika zahanati ile ile.

"Sista, umekula?"

"Chai nimekunywa. Niulize tu."

"Hicho kipimo ulikitoa wapi?"

"Kwa Koome. Yule rep wa Helvora, kampuni ya hiyo dawa. Huja kila mwezi na pikipiki."

"Alikuambia kwa mdomo?"

"Maneno ya mdomo mimi sibandiki kwa ukuta," alisema Kiende. "Alikuwa na karatasi. Ya kung'aa, na ua la kijani pale juu. Nikamwambia aniachie, akakataa. Ati hiyo ni ya ndani, ya kuwaelekeza wao ma-rep, hata kunionyesha ni makosa. Nikamwambia basi kaa hapo unywe chai, mimi ninakili. Akakaa. Akanishikia na rula."

"Na mtungi wa dawa haukuwa na maelezo?"

"Mtungi wa lita tano hauji na kile kikaratasi cha ndani, hicho kinakuja na chupa ndogo za kwa duka. Kwa mtungi wameandika tu, tumia kama daktari atakavyoelekeza. Na daktari pale kwetu ni mimi."

Wawira aliandika. "Kwa nini uliweka jina lako?"

Kiende alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hunawa mikono. "Kwani chati isiyo na jina ni ya nani? Chuoni tulifunzwa hivyo, na mkaguzi wa wilaya akija ndio kitu cha kwanza anauliza. Mimi niliweka ili mtu akiona makosa ajue ataniuliza mimi."

"Kuna aliyeuliza?"

"Miezi miwili ilikaa pale. Mkaguzi aliiona. Alisema ni nzuri, ati wengine waige." Alipapasa lile koti. "Mwenda mimi ndiye nilimpokea akizaliwa, Inspekta. Na hiyo dawa nilimpimia kwa mkono huu. Wewe endelea na kazi yako, lakini hata ukinitoa hapa, sijui nitapita njia gani pale kwa kina Kanana."

Wawira alisimama. Alifunga daftari akaenda kutafuta gari.

Koome aliishi Githongo, katika nyumba ya mawe iliyozungukwa na kahawa. Ilikuwa Jumamosi, lakini alikuwa amevaa tai. Aliketi sebuleni na mkewe Jedidah, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuwa na marundo mawili ya madaftari ya kusahihisha mezani.

"Karibu madam. Nimesikia ya Sista, nimesikitika sana."

"Ulimwonyesha karatasi ya kampuni, inayotoa kipimo cha Tapirex kwa watoto wachanga."

"Hapana. Hiyo sijui alitoa wapi."

"Anasema ulimshikia rula."

Koome alitabasamu bila furaha. "Madam, nikuelezee vile sisi hufanya. Kampuni hutupatia briefing kila miezi minne, ya kutufundisha kuhusu dawa. Hiyo ni ya ndani. Daktari haonyeshwi, nesi haonyeshwi. Iko na namba ya idhini, na daktari na mfamasia wa kampuni wameisaini huko Nairobi. Muda ukiisha tunarudisha zote Embu, zinahesabiwa moja moja. Zangu nilirudisha mwezi wa pili. Hata risiti niko nayo."

Alikuwa nayo kweli, ndani ya bahasha, kama mtu aliyeitarajia siku hii. Kurasa tano, namba ya idhini kwa kila moja, sahihi ya mpokeaji. Wawira alinakili namba hizo. Ili kuandika vizuri aliomba kitu kigumu cha kuegemeza, na Jedidah akachukua kitabu cha sayansi cha darasa la sita kutoka kwenye rafu akampa.

Kitabu kilikuwa kimefunikwa kwa karatasi nyeupe nzito. Kila Januari nchi nzima hufunika vitabu vya shule kwa karatasi za khaki, kalenda za mwaka uliokwisha, chochote kisichopasuka upesi, kwa sababu mwalimu mkuu hukagua. Karatasi hii ilikuwa imegeuzwa, upande usio na maandishi ukawa nje. Wawira aliandika namba ya tatu, kisha kidole chake kikahisi utelezi pale pambizo lilipokunjwa kuingia ndani ya jalada. Akafungua jalada. Kwenye kikunjo kulikuwa na petali mbili za kijani.

"Mwalimu," alisema polepole, "hii karatasi ulipata wapi?"

"Si ni za huyu," alisema Jedidah, akimwonyesha mumewe kwa kalamu nyekundu. "Ni nzuri, haipasuki. Nilimwomba mwezi wa kwanza, akaniambia chukua hiyo, hiyo haina namba, hakuna mtu ataihesabu."

Koome aliinamisha kichwa, akaanza kulegeza tai.

Wawira aliubandua ukurasa kwa wembe, gundi ikaachia taratibu. Ulikuwa Kiingereza kizuri cha ofisini, na maana yake ilikuwa hii: kwamba matabibu wengi wa vijijini huwa na wagonjwa wengi zaidi wa chini ya mwaka mmoja kuliko wa miaka sita; kwamba mwakilishi asianzishe yeye habari za watoto hao, lakini akiulizwa asiseme hajui; ajibu kwamba uzoefu wa nchi nyingine umeonyesha usalama, na atoe vipimo vifuatavyo. Kisha lilifuata jedwali. Lilikuwa lile la manila, neno kwa neno, ila mistari yake haikupigwa vizuri kama ya Sista. Chini katikati palikuwa na tarakimu ya ukurasa, 4. Pembeni, mahali pa namba ya idhini na majina ya walioidhinisha, palikuwa patupu.

"Nani alikupa?"

"Mwongera. Meneja wetu wa eneo, wa Embu." Sauti ya Koome ilikuwa imeshuka. "Tulikuwa na mkutano wa kwanza wa mwaka. Asubuhi tukapewa zile tano zenye namba. Saa tisa, baada ya kula, akazunguka meza mwenyewe akigawa hii moja. Akasema hii ni ya kichwa, si ya begi. Soma, weka kichwani, rudisha. Mimi nilisahau kurudisha. Sikuwa nataka kuua mtoto wa mtu, madam. Sista aliniuliza. Kama angekuwa hajauliza nisingesema."

"Mlikuwa wangapi?"

"Wanane."

Wawira alivuta kiti karibu. Alikuwa na karatasi, sasa alihitaji mdomo wa kuisemea. "Sikiliza, Koome. Ninayemtaka si wewe. Yaandike yote haya, uweke sahihi, uwe shahidi wangu. Sista ataachiliwa, na wewe utarudi nyumbani kwako."

"Nitakuwa shahidi tu? Kweli?"

"Kweli."

Koome alimtazama mkewe. Jedidah alikuwa ameiweka kalamu chini. "Muandikie, Baba Kendi," alisema. "Kama ndivyo ilikuwa, muandikie tu. Yule mama anakaa seli kwa sababu gani, na wewe unajua?"

Akaandika kurasa mbili. Alipomaliza, Jedidah aliwatilia chai, na Wawira akainywa haraka kwa sababu Embu ilikuwa mbali na jua halimngoji mtu. Barabarani, baada ya Chuka, alijikuta akiimba. Hakuwa ameimba garini tangu Krismasi.

Ofisi ya Helvora ilikuwa ghorofa ya pili, mjini Embu. Bwana Mwongera alikuwa peke yake, amevaa sweta na miwani ya kusomea. Alimkaribisha kiti, akamuuliza safari, akaagiza chai kwa simu bila kusubiri jibu. Wawira alipotaja karatasi za ndani, alionekana kufurahi.

"Ni vizuri polisi mkiuliza habari za kanuni," alisema. "Wengi hawajui kwamba tunazo." Akatoa kitabu cha jalada la buluu. "Karatasi ya kumwelekeza mwakilishi ina sheria kali kushinda hata tangazo la gazetini. Isimwambie mwakilishi aseme lolote ambalo leseni ya dawa haikulisema. Isimpe hata fununu. Daktari wetu aisome, mfamasia aisome, wote wawili wasaini. Ipewe namba, iandikwe tarehe ya kufa kwake. Ikifa, irudi. Hapa kwangu hairuki hata moja."

"Naomba kuona za mkutano wa Januari."

Alimletea faili bila kusita, na Wawira akaona kwamba mtu huyu hakuwa na wasiwasi hata chembe. Juu palikuwa na fomu ya idhini: kurasa tano, sahihi mbili, mhuri wa Nairobi. Kisha kurasa zenyewe. Hazikuwa na lolote la kumtia mtu hatiani. Dawa ni ya miaka sita kwenda juu, zilisema, na zilirudia. Wawira alifunua mmoja mmoja akitazama chini. Moja. Mbili. Tatu. Tano. Sita.

Alirudi nyuma akahesabu tena.

"Bwana Mwongera, ukurasa wa nne uko wapi?"

"Samahani?"

Wawira alitoa ukurasa wake mkobani, ndani ya plastiki, akauweka mezani kati ya watatu na watano. Ua lilikuwa lile lile, herufi zile zile. Sentensi ya mwisho ya ukurasa wa tatu ilikatika katikati, na ikamalizikia juu ya wa nne.

Mwongera aliinama akautazama. Chai ililetwa, ikawekwa, aliyeileta akaondoka. Alipoinuka sauti yake ilikuwa ya adabu kama mwanzo.

"Namba ya idhini yake iko wapi?"

"Haina."

"Majina ya walioidhinisha?"

"Hayapo."

"Basi si karatasi yetu. Karatasi ya Helvora ni ile yenye namba. Kanuni ziko wazi hapo, ukurasa wa pili wa hiki kitabu."

"Ina ua lenu. Inaendeleza sentensi yenu."

"Ua letu liko hata kwenye miavuli sokoni, Inspekta. Na tarakimu kuruka ni kosa la uchapaji." Alifunga faili, akaiweka upande wake wa meza, mkono juu. "Nimekuonyesha kwa hiari. Ukitaka kuichukua, njoo na amri ya mahakama."

"Leo Jumamosi jioni."

"Mimi sikupanga kalenda."

Wawira aliutazama ule mkono juu ya faili. Angeweza kuinyakua faili ile. Angeweza, na Jumatatu wakili wa kampuni angemwambia hakimu kwamba ushahidi uliibwa, na kila kitu kingemwagika. Akaketi juu ya hasira yake.

"Koome amesema wewe ndiye uliyezigawa. Saa tisa, baada ya chakula."

"Ah, Koome." Mwongera alifungua droo. "Hii naweza kukupa hata nakala. Ahadi ya mwakilishi. Kila mmoja aliitia sahihi."

Ilikuwa aya moja. Mimi, niliyetia sahihi hapa chini, sitatumia, sitaonyesha wala kusimulia karatasi yoyote isiyo na namba ya idhini ya kampuni. Nikifanya hivyo, nimefanya kwa nafsi yangu, na lawama ni yangu binafsi. Sahihi ilikuwa ya Koome. Tarehe ilikuwa ya siku ile ile ya mkutano.

"Alisaini saa ngapi?"

"Asubuhi, kabla ya jambo lingine lolote."

"Kwa hivyo asubuhi uliwasainisha kwamba hawatatumia isiyo na namba, na mchana ukawapa isiyo na namba."

"Hayo unasema wewe," alijibu Mwongera. "Kunywa chai, inapoa."

Usiku huo Wawira hakulala vizuri. Jumapili, tangu saa moja asubuhi, aliwapigia simu wale wawakilishi saba wengine. Wawili walikuwa kanisani na wakampigia baadaye kwa heshima. Wote saba walisema maneno yaliyofanana: hawajaona karatasi kama hiyo, hawajasikia habari zake, Bwana Mwongera ni mtu wa kanuni sana. Wa mwisho, msichana wa Runyenjes, aliyasema kwa sauti ya chini, kisha akaongeza, "Madam, mimi niko na miezi mitatu tu kazini," akakata.

Mchana alimpelekea kiongozi wa mashtaka kila alichokuwa nacho. Inspekta Mkuu Mutembei alikuwa ametoka ibadani, ameketi barazani kwake mjini Meru bila viatu. Aliisoma taarifa ya Koome mara mbili, akausoma ukurasa wa nne, akaisoma ile ahadi. Kadiri alivyosoma uso ulimchangamka.

"Wawira, umefanya kazi safi. Nilikuwa na mtu mmoja, sasa niko na wawili."

"Wawili gani, mkubwa?"

"Kiende na huyu Koome. Ametumia karatasi isiyo na namba, amekiri kwa mkono wake mwenyewe, na hapa alikuwa ameahidi hatafanya. Mshtakiwa wa pili. Nitawatuma wamchukue kesho alfajiri."

Wawira alisimama. "Huyo ni shahidi. Karatasi ilitoka kwa kampuni, mimi mwenyewe nimeona faili, ukurasa wa nne ndio unakosekana."

"Na fomu ya idhini inasema kurasa ngapi?"

"Tano."

"Basi huo wa nne haukuidhinishwa. Wewe mwenyewe umenithibitishia." Mutembei hakuwa akimdhihaki, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Tazama. Mimi sipeleki kampuni kizimbani, napeleka mtu, na mtu lazima nimjue kwa jina. Kwa hiyo manila kuna jina. Kwa hiyo ahadi kuna jina. Kwa huu ukurasa wako nionyeshe jina, hata herufi mbili za mwanzo, nami nimlete huyo bwana hapa kwa pingu."

"Koome anamtaja Mwongera."

"Mshtakiwa atamtaja hata Askofu. Na wale saba?"

"Wote wamekana."

"Umeona."

"Nilimwahidi, mkubwa. Alikuwa amekaa na mke wake, nikamwahidi atarudi nyumbani."

"Kwa mamlaka ya nani?" Mutembei aliuliza, kisha akashusha sauti. "Andika barua kuhusu hiyo kampuni. Nitaipeleka Nairobi, kwa wale wanaotoa leseni za dawa. Watachunguza."

"Baada ya muda gani?"

"Barua ni barua, Wawira. Keti ule chakula."

Hakuketi. Alikwenda hadi kwenye gari, akapanga kumpigia Koome amwambie akimbie, akashika simu mkononi muda mrefu akifikiria kukimbia kutamfikisha wapi, na mwisho akairudisha mfukoni. Kwa hilo alijichukia, na alikuwa bado akijichukia kesho yake alipopanda ngazi za mahakama.

Koome alikuwa tayari kizimbani, hana tai, hana mshipi. Alimwona Wawira akiingia, akamtazama mara moja tu. Jedidah alikuwa benchi la tatu, na yeye hakuacha kumtazama. Sista Kiende alijisogeza kando ili Koome apate nafasi ya kusimama vizuri, kama alivyozoea kuwapangia wagonjwa foleni.

Bwana Mwongera aliketi miongoni mwa mashahidi wa upande wa mashtaka. Alikuwa amekuja na faili, bila amri ya mtu, ili kuisaidia mahakama kuelewa kanuni. Karani aliipokea, na kabla haijapewa namba ya kielelezo Wawira alisogea akaomba kuitazama. Fomu ya idhini ilikuwa ile ile, sahihi mbili, kurasa tano. Karatasi zilinukia upya. Aliangalia chini ya kila moja. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Sentensi iliyokuwa imekatika sasa iliishia vizuri kwa nukta.

Aligeuka. Mwongera alimpa salamu kwa kichwa, kwa heshima zote.

Bado kulikuwa na njia moja, na Wawira aliishikilia kwa kucha. Kesi ingesikizwa. Kungekuwa na wakili, kungekuwa na maswali, yeye angepanda kizimbani aseme alichokiona Embu, na yule msichana wa Runyenjes angeitwa aape mbele ya hakimu. Washtakiwa wakikana tu, yangepatikana hayo yote. Alikuwa amemwambia Sista hivyo asubuhi, seli, kwa maneno machache: sema si kweli, mengine niachie.

Karani alisoma shtaka. "Mshtakiwa wa pili, ni kweli au si kweli?"

"Si kweli," alisema Koome.

"Mshtakiwa wa kwanza. Ni kweli au si kweli?"

Kiende alitazama benchi la mbele, alikokaa mama wa mtoto akiwa na leso mkononi. Wawira alijua kabla hajafungua kinywa.

"Ni kweli," alisema Kiende.

Hakimu aliinua uso. "Mama, umeelewa ulichoulizwa? Una haki ya kukana."

"Nimeelewa, mheshimiwa. Mtoto nilimpa dawa mimi. Aliyenidanganya ni kweli alinidanganya, lakini hakuwa pale. Mimi ndiye nilikuwa pale. Siwezi kusimama mbele ya huyu mama niseme si kweli."

Kalamu ya hakimu ilianza kuandika. Kwa Kiende hapangekuwa na kesi ya kusikizwa. Ilibaki ya Koome peke yake, mtu aliyekuwa ameandika na kusaini kurasa mbili dhidi yake mwenyewe kwa sababu inspekta mmoja alivuta kiti karibu yake na kumwambia "kweli".

Nje, watu walipotawanyika, Kanana alimfuata Wawira hadi kwenye nguzo ya mwisho. Alikuwa mwanamke mdogo kuliko Wawira alivyomkumbuka, na viatu vyake vilikuwa na udongo mweusi wa Kibirichia.

"Madam," alisema, "nilikuwa nataka kuuliza. Hao ndio wote?"

Chini ya ngazi Bwana Mwongera alikuwa akiagana na Mutembei kwa mikono miwili. Wawira aliona alivyovua miwani ya kusomea, akaikunja, akaitia kwenye kifuko chake, akaingia garini.

"Ndio hao, mama," alisema. "Ni hao tu."

Kanana aliitikia kwa kichwa. "Sista namjua, yeye si mtu mbaya. Huyo mwingine simjui. Nilikuwa nafikiria kutakuwa na mtu mwingine." Kisha akanyoosha mkono. "Haidhuru. Asante kwa vile umenitafutia."

Wawira aliushika mkono ule, akapokea shukrani.